Mlipuko ukikurudia, fanya hivi

Kumbukumbu ya mlipuko ikikurudia ghafla kana kwamba unatokea tena, usifumbe macho. Najua wengi hushauriwa wafumbe macho na kuvuta pumzi ndefu. Ila sisi tuliokuwa Haile Selassie Avenue, Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, tukifumba macho giza na vumbi la siku ile vinarudi papo hapo. Hata kuvuta pumzi ndefu kunaniletea lile vumbi kooni. Mimi hutoa pumzi polepole, kama ninayepuliza chai ya moto, na kuingia naiacha iingie yenyewe.

Tairi la matatu likipasuka, mwili hauulizi ni mwaka gani. Kwa hiyo uambie. Sema kwa sauti, hata kama watu wanakutazama: leo ni Jumanne, niko soko la Gikomba, nanunua sweta ya mtoto, ile Ijumaa ilikwisha. Mwaka utaje bila kukosa. Kwangu huo ndio unaosaidia kuliko yote.

Kisha tazama vitu vitano na uvieleze kwa undani. Kusema "naona sweta" hakutoshi. Sema ni ya kijani, kifungo cha pili kimetoka, uzi wa kwapani umeachia. Ukifika hapo akili imeshaanza kushughulika na kilicho mbele yako. Gusa vinne, sikiliza vitatu, nusa viwili, onja kimoja. Ukisahau mpangilio, usihangaike. Endelea na chochote kilicho karibu.

Mimi hubeba kipande cha tangawizi mbichi mkobani. Nikikitafuna, ule ukali hunirudisha upesi kuliko maneno. Nyumbani naweka viganja chini ya bomba la maji baridi na kukanyaga sakafu kwa visigino. Ukiwa unaendesha gari, egesha kwanza.

Waambie wa nyumbani mapema: wasikushike kwa ghafla wala kukuuliza umeona nini. Wakuite jina, wakwambie mahali mlipo, kisha wakae karibu nawe.

Haya yote yafanyie mazoezi siku ambayo umetulia, maana kichwa kilichoshtuka hakijifunzi kitu kipya. Na kama tukio linakurudia mara kwa mara, hulali, au umeanza kukwepa mji mzima, nenda hospitali ya kaunti uulize kliniki ya afya ya akili. Tangawizi itakutuliza pale sokoni, lakini jeraha lenyewe linahitaji mshauri anayejua kazi yake, na huhitaji kusubiri uzidiwe ndipo uende.