Kabla hujaenda kutazama ndege kwenye delta ya Mto Tana

Ulizia maji kwanza. Mafuriko ya delta hayangoji mvua ya Garsen wala Kipini. Maji huteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo jua linaweza kuwaka huku mabonde yamefurika. Masika na vuli udongo mweusi hunata na gari likazama hadi ekseli. Ulizia pia hali ya usalama kabla ya kuondoka.

Ukifuata ndege wahamiaji wa pwani, nenda kati ya Oktoba na Machi, na uhesabu mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ikijaa Kipini, matope yote hufunikwa, na ndege waliokuwa wametawanyika wakila hubanana kwenye mafungu ya mchanga. Hapo utawaona vizuri. Usiwasogelee hadi waruke, maana wanahitaji nguvu za safari ndefu ya kurudi kaskazini.

Darubini, maji ya kunywa na chandarua ni lazima. Mtumbwi panda na mwenyeji anayejua mamba na viboko wanakokaa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni viota. Mafuriko yakiwa mazuri, korongo, yangeyange na minandi hutaga pamoja kwenye miti iliyozungukwa na maji. Ukisogea, wazazi huruka wote kwa mpigo. Kunguru hushuka papo hapo kuchukua mayai, na makinda yasiyo na manyoya huungua juani. Picha moja ya karibu haistahili hasara hiyo. Tazama kwa mbali, na usitangaze mahali penyewe mtandaoni.

Jua pia kinachowaondoa ndege hawa. Mabwawa ya juu, Masinga likiwemo tangu 1981, yamepunguza mafuriko na tope linalorutubisha delta. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda na kuharibu mashamba. Mipango ya mashamba makubwa ya miwa nayo imewahi kuinyemelea ardhi oevu hii, ambayo tangu 2012 ni eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa, lenye hekta 163,600. Wazee wa Kipokomo na Kiorma wanaikumbuka mito midogo iliyokufa; keti nao, uwasikilize.

Chukua daftari. Andika tarehe, mahali na idadi, hata pale ulipokuta ziwa limekauka bila ndege yeyote, kisha uwapelekee wahifadhi wa eneo hilo.