Kumvisha viatu farasi mwenye laminitisi sugu: anza na picha, nyundo baadaye

Kama kwato ina joto, mishipa inapiga kwa nguvu na mnyama hataki kusogea, laminitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato, bado iko motoni: weka vifaa chini, mwite daktari wa mifugo. Mwongozo huu ni wa farasi na poni ambao hatua hiyo imepita.

Ndani ya kwato, tishu zinazoushikilia mfupa kwenye ukuta, yaani ganda gumu la nje la kwato, zimelegea. Kano ya nyuma ya mguu nayo haijaacha kuvuta, kwa hiyo ncha ya mfupa inainamia unyayo. Kila unachofanya kilenge kupunguza mvuto huo na kuiondolea mzigo sehemu ya mbele.

Hatua ya 1: Eksirei. Ipigwe kwa ubavuni, mnyama akiwa amesimama sawasawa, waya umebandikwa ukuta wa mbele na alama imewekwa kwenye ncha ya kabari, yaani ile nyama ngumu ya pembe tatu chini ya kwato. Pima unene wa unyayo chini ya ncha ya mfupa, kisha pembe kati ya tako la mfupa (uso wake wa chini) na ardhi. Unyayo ukiwa chini ya milimita 10, kisu kisiuguse hata kidogo. Bila picha mimi sishiki tupa. Umbo la nje hudanganya mno.

Hatua ya 2: Punguza kisigino. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwato ya namna hii hukua haraka nyuma na polepole mbele, ndiyo maana pete zake, ile mistari ya ukuaji inayozunguka ukuta, hupanuka zikielekea kisigino. Piga tupa kuanzia sehemu pana ya kwato kurudi nyuma, mpaka uso huo wa nyuma uwe sambamba na tako la mfupa kwenye picha. Mbele acha unyayo ulivyo. Ukiiweka kwato chini utaona pengo chini ya ncha, na ndivyo inavyotakiwa. Ila kushusha kisigino huikaza kano: mnyama akionekana kuumia zaidi, mrudishie kimo kwa kabari ya kiatu, yaani kipande kinachoinua kisigino (si ile kabari ya kwato).

Ukuta uliochomoza mbele upunguze kutoka nje.

Hatua ya 3: Kiatu. Ukingo wa mbele, mahali mguu unapobingirikia, uwe chini ya ncha ya mfupa au nyuma yake kidogo. Kati ya unyayo na kiatu, jaza silikoni laini nusu ya nyuma tu. Wengi hupenda kiatu chenye ulimi wa chuma unaoegemea kabari; ulimi ukomee kama sentimita 1 kabla ya ncha ya kabari, la sivyo unabana pale pale panapouma. Mimi napendelea kiatu cha mbao chenye kingo zilizochongwa mviringo, kwa gundi na bandeji ngumu, kwa sababu hakuna kugongelea misumari.

Hatua ya 4: Ufuatiliaji. Piga eksirei nyingine kiatu kikiwa mguuni. Rudia kazi kila wiki 4 hadi 6. Ukuta hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo ukuta mpya wa mbele huchukua miezi 9 hadi 12 kufika chini. Sukari ya majani mabichi na nafaka isipodhibitiwa, hasa kwa poni wenye shida ya insulini, utakuwa unavisha viatu bure. Kila ukirudia, linganisha pete mpya zilizo karibu na nywele: zikianza kulingana mbele na nyuma, punguza kimo cha kabari ya kiatu kidogo kidogo.