Kupiga picha kwenye shoo ya muziki bila flashi, na ile mistari ya taa za LED inatoka wapi

Binamu yangu kapata kamera nzuri tu, kaenda nayo kwenye shoo ya bendi anayoipenda, karudi na picha zina mistari myeusi imelala kukatiza picha nzima, akawa anataka kuirudisha kamera dukani akidhani ni mbovu. Kamera haina shida yoyote. Tulikaa jioni nzima tukapanga setingi upya, sasa naandika hapa ili na wengine wasihangaike. Mimi napiga kwa mapenzi ya muziki tu, silipwi, kwa hiyo vifaa nitakavyotaja ni vya kawaida.

Hatua ya 1: Ruhusa

Kumbi nyingi zinakataza kamera yenye lenzi ya kubadilisha hata kama umelipa kiingilio. Usisubiri kubishana na baunsa mlangoni, waandikie bendi au promota mapema. Bendi ndogo wengi wanakubali maana na wao picha wanazitaka. Kwenye matamasha makubwa wapiga picha wenye kibali mara nyingi wanapewa nyimbo 3 za mwanzo tu, bila flashi, afu wanatolewa pale mbele, so usiwaonee wivu, kwenye bendi ndogo unapiga mpaka mwisho. Na beba viziba masikio. Hilo silijadili.

Hatua ya 2: Lenzi

Nunua 50mm f/1.8, basi (mm ikiwa kubwa lenzi inavuta karibu zaidi, namba ya f ikiwa ndogo tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Watu watakwambia bila 70-200 f/2.8 hamna picha, waache, lile dude ni zito na ukiwa katikati ya watu wanaoruka litakutoa roho. Lenzi inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho mara nyingi inaishia f/5.6, na f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Kwenye kamera yenye sensa (ile sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera) ndogo ya APS-C hiyo 50mm inavuta kama 75mm, kwa sura ya muimbaji ukiwa mbele inatosha kabisa. Filta ya UV itoe, taa zikikupiga usoni inaleta vidoti vya ajabu hewani.

Hatua ya 3: Setingi za kuanzia

Weka M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe. Apecha (lile tundu la lenzi) f/2, spidi ya shata 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga), ISO (jinsi kamera inavyoukuza mwanga) 3200, na faili la RAW, lile ambalo kamera haijalibana. Flashi zima, inawasumbua wanamuziki, inaua rangi zote za steji, na ukiwa nyuma inamulika visogo vya watu tu.

Kwa nini M na si otomatiki: nyuma ya muimbaji kuna giza, kamera inaliona lile giza inadhani picha nzima ni nyeusi, inaongeza mwanga, sura ya mtu inakuwa nyeupe pee. Ukiweka mwenyewe inatulia, taa zikibadilika sana unagusa ISO peke yake. Na ISO 6400 usiiogope jamani, chengachenga zinasafishika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haisafishiki.

Fokasi weka ile ya kufuata mfululizo, pointi moja, kwenye jicho. Ukiiachia kamera ichague yenyewe itashika maiki, maana maiki iko mbele na inang'aa, utapata maiki kali sana na muimbaji ukungu.

Hatua ya 4: Mistari

Hapa ndio pagumu, soma taratibu.

Taa za LED za steji nyingi hazipunguzwi mwanga kama taa za zamani. Zinawaka na kuzima haraka sana, mara mia kadhaa au elfu kadhaa kwa sekunde, na fundi akitaka mwanga upungue anaongeza tu ule muda wa kuzima. Jicho halioni, kamera inaona. Ndio maana mistari inatokea zaidi taa zikiwa zimefifishwa, wimbo wa polepole, kuliko zikiwa zimewaka zote kwa nguvu. Binamu yangu alishangaa kwa nini picha zingine za usiku uleule ziko safi, jibu ni hilo.

Sasa kamera inaingiaje. Kamera nyingi za kisasa zina shata mbili, ya mashine na ya kielektroniki ile isiyo na sauti. Ya kielektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye kamera za kawaida hiyo safari ni ndefu, taa inakuwa imezima na kuwaka mara nyingi kabla haijafika chini. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imezima ndio inatoka myeusi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, ingia kwenye menyu weka shata ya mashine. Binamu alikuwa kaweka ya kimya eti asiwasumbue wanamuziki. Ndugu yangu, kuna ngoma na magitaa ya umeme pale, nani atasikia shata yako? Ya kimya iache kwa mtu anayeimba na gitaa kavu ukumbi umenyamaza.

Lakini hapo hujamaliza, maana hata shata ya mashine ina pazia linalotembea, na spidi ikizidi sana mistari inarudi. Chukulia taa inawaka na kuzima mara 400 kwa sekunde. Ukipiga 1/125 kamera inakusanya zaidi ya mizunguko 3 ya taa, inajichanganya, huoni kitu. Ukipiga 1/1000 unapata hata nusu ya mzunguko hufiki, sehemu moja ya picha ina mwanga nyingine haina. Kwa hiyo shuka. 1/200 ndio kituo changu, muimbaji aliyesimama naenda 1/125, mpiga ngoma napanda 1/320 na mistari kidogo ikija navumilia.

Tahadhari sasa. Ile setingi ya kuzuia kumemeta iliyopo kwenye kamera nyingi imetengenezwa kwa taa za kawaida za ndani, zile zinazomemeta mara 100 au 120 kwa sekunde, kwa LED za steji mara nyingi haisaidii kitu na inaweza kuchelewesha shata. Baadhi ya kamera mpya zinakuruhusu kusogeza spidi kwa videsimali vidogo vidogo mpaka mistari ipotee kwenye skrini, kama yako inayo itumie. Skrini kubwa ya LED nyuma ya bendi nayo ina mdundo wake, unaweza kuisafisha sura ya mtu afu skrini ikabaki na mistari, hapo badilisha pembe tu skrini itoke kwenye picha. Na usihukumu kwa picha moja, piga kama tano mfululizo halafu uzikuze uziangalie palepale, sio ukifika nyumbani.

Hatua ya 5: Bluu na nyekundu

Ukiona sura imekuwa kama imepakwa rangi, haina pua wala shavu, ujue rangi moja imejaa mpaka ikamwagika. Histogramu ya kawaida (ile grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na mwanga kulia) inaweza isikwambie, washa ile ya rangi tatu, punguza mwanga kidogo mpaka ile rangi isigonge ukuta wa kulia. Isipopona, igeuze nyeusi na nyeupe. Wengine watasema ni kukwepa kazi, mimi naona inapendeza kuliko sura ya bluu. Hayo mapriseti (setingi za rangi zilizopangwa tayari) ya kununua sitaki hata kuyasikia.

Hatua ya 6: Kusubiri

Wimbo wa kwanza usipige sana, angalia taa. Fundi wa taa akiwa amepanga shoo, mara nyingi anachofanya kwenye kiitikio cha kwanza anakirudia cha pili, kwa hiyo ukijua mwanga mweupe unashuka pale, cha pili unakuwa umeshalenga. Muimbaji mpige anapomaliza mstari anavuta pumzi, maiki inatoka mdomoni. Simama upande ambao mkono wa maiki haumzibi. Mpiga ngoma ni kazi, matoazi yanamficha, tafuta pembeni au sehemu iliyoinuka.

Hatua ya 7: Kuchagua

Chache. Bendi watumie kumi nzuri, sio mia mbili za kufanana, na hakikisha kila mtu yumo, hasa mpiga besi maana huwa anasahaulika. Kadi usiifute mpaka picha ziwe zimekaa sehemu mbili.