Kuseti tapeti za BMW R60/2 (hii sio ile Boksa ya stegi)

Ukisema boksa hapa Kondele kila mtu anawaza ile ya bodaboda imebeba abiria wawili na gunia la omena. Mimi naongelea BMW R60/2, ya 1960 hadi 1969, cc 594, silinda mbili zimelala moja kushoto moja kulia kama pembe za ng'ombe, pistoni zinatoka nje pamoja zinarudi pamoja, sasa mtikisiko wa huku unauliwa na wa kule. Na haina cheni, ni shafti hadi gurudumu la nyuma.

Kuseti tapeti ni kurekebisha ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka, yaani ule mkono unaoisukuma. Kwanza enjini iwe baridi kabisa, si kupoa kidogo, ilale usiku mzima uifungue asubuhi. Weka stendi kubwa, toa plagi zote, ingiza gia ya nne, halafu enjini utaizungusha kwa kusukuma gurudumu la nyuma na mkono, kwenda mbele. Kabla ufungue kava za valvu weka karai chini ama viatu vitakunywa oili.

Pembeni ya enjini kuna kizibo cha mpira, kitoe, mulika na tochi ya simu, zungusha polepole mpaka uone herufi OT kwa flaiwili, lile gurudumu zito la ndani ya enjini. Hapo pistoni zimefika mwisho, na ni zote mbili, sasa utajuaje unaanza na upande gani? Shika roka na vidole utikise. Penye zote mbili zinacheza, huo ndio upande wako. Ule mwingine usiguse, ukimaliza huku zungusha flaiwili raundi moja nzima OT irudi ndio uende kule.

Valvu ya inteki (ya kuingiza hewa na petroli), ile ya nyuma upande wa kabureta, fila, yaani kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.15 mm. Ekzosi (ya kutoa moshi), ya mbele, 0.20. Legeza loknati, cheza na skrubu mpaka fila ipite ikikwaruza kama noti unayochomoa kwa kitabu kizito. Kaza nati ukiwa umeshikilia skrubu, alafu pima tena, kwa sababu huwa inasonga, mimi hurudia hata mara tatu.

Sasa ugonjwa wetu mafundi wa boda ni kukaza mpaka ile tik tik ya valvu inyamaze. Kuna moja ililetwa kwangu kutoka Kakamega, imetulia tuli, lakini ukipiga kiki silinda ya kulia haina kompresheni. Kufungua, valvu ya ekzosi ukingo umeliwa kama hindi lililopitiwa na panya. Valvu ikipata moto inarefuka, na kama haina nafasi haikai kwa siti yake vizuri, na siti ndio inaipunguzia joto, so moto unapenya hapo kila mara mpaka inaungua.

Rudisha kava na gasketi nzuri, rudisha plagi, toa gia, piga kiki, ni magneto, inajitengenezea stimu ya plagi yenyewe, so hata betri ikiwa imekufa itawaka. Inama usikilize pande zote, lazima tik tik ndogo isikike. Upande ukiwa kimya, zima, na utangoja hadi kesho asubuhi ndio ufungue tena.