Namba Usiyoijua Inakupigia: Fanya Hivi

Mwaka jana mama yangu mdogo yuko jikoni anachoma vitumbua, mikono yote mafuta, simu ikaita namba ngeni akaipokea akaibana kwa bega. Jamaa akasema yeye ni mwalimu, mtoto kaanguka shuleni yuko hospitali, inatakiwa laki moja na themanini saa hii hii, na jina la mtoto akalitaja kabisa. Mama wa watu hata jiko hakuzima, akatuma. Saa kumi jioni mtoto huyo anaingia na begi lake mgongoni anaulizia chakula. Mpaka leo simu ikiita anashtuka, na inaniuma sana, ndo maana naandika hii.

Kwanza kabisa, simu ikiita sio lazima upokee. Iache iite, mwenye shida ya kweli atarudia au atatuma meseji. Alafu angalia namba inavyoanza. +255 ni ya hapa Tanzania, ila ukikuta +269 ya Komoro au code nyingine ya nchi ya nje na huna ndugu huko, alafu imeita mara moja ikakata, usirudishe, hiyo wanakutegea upige wewe ili salio liishe kwa bei ya simu za nje. Na usijidanganye eti 075 lazima iwe Voda, tangu 2017 mtu anahama mtandao na namba yake ile ile.

Kujua namba ni ya nani, njia yangu ni hii: ingia menyu ya pesa, mfano *150*00# kama uko M-Pesa, fanya kama unaitumia ile namba elfu moja, jina litatokea kabla hujaweka namba ya siri, lisome alafu toka hapo hapo, USIWEKE namba ya siri. Lakini jina linakwambia laini imesajiliwa kwa nani tu, halikwambii nani kaishika, matapeli wengi wanatembea na laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine. Na wewe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa), isije ikawa kuna mtu anaibia watu kwa jina lako. Truecaller, ile apu ya kuonyesha jina la anayepiga, nayo inasaidia, ukikuta watu wameiandika namba "tapeli" we achana nayo.

Ukiamua kupokea, sema haloo alafu nyamaza, muache yeye ajitambulishe. Hapa ndo wengi wanaliwa. Anakwambia "we, umenisahau mara hii?", na wewe kwa aibu unasema "ni Juma eh?", basi keshakuwa Juma, na dakika mbili mbele huyo Juma amekwama Morogoro anaomba hela ya spea. Usimpe jina, muulize wewe ni nani na tunajuana wapi, akianza kuzunguka kata.

Na likiwa jambo la hela, ugonjwa, mtoto au kazi, kata tu hata akikulilia, alafu upige wewe kwa namba uliyokuwa nayo toka zamani, ya mwalimu, ya shule, ya ndugu mwenyewe. Mama mdogo alikuwa na namba ya mwalimu wa darasa kwenye simu yake. Simu moja tu ingemuokoa.

Huduma kwa wateja ya mtandao wako ni 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida anasema ni wa mtandao, eti laini yako inafungwa, huyo ni mwizi. Usibonyeze code yoyote anayokutajia, ile inayoanza na *21* au **21* inahamisha simu zako ziende kwake, kama ushabonyeza piga ##002# kufuta. Na zile tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp zinazokuja kwa meseji usimtajie mtu.

Kuna hawa wa mikopo ya mtandaoni pia, wanakupigia mara kumi kwa siku eti flani kakuweka mdhamini. Kama hukukubali kumdhamini, hilo deni sio lako, usilipe hata mia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 zisizo na leseni. Piga skrini shoti meseji zote za matusi, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ipo tangu 2022.

Kublok kila mtu anajua, ila wachache wanajua kwamba WhatsApp ukiingia Settings, Privacy, Calls kuna sehemu ya kunyamazisha namba usizozisevu. Wawekee wazazi wenyewe mkono kwa mkono, usiwaelekeze kwa simu. Meseji za kitapeli ripoti TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa 15040.

Kama hela imeshatoka, piga 100 hapo hapo uombe muamala uzuiwe kabla tapeli hajaitoa kwa wakala, taja namba ya muamala, alafu nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako) na ile meseji usiifute.