Somo: Kubuni nembo ya mavazi kuanzia lebo ya shingoni

Somo hili linamlenga mbunifu wa mavazi anayejitegemea, yule mwenye cherehani mbili na fundi mmoja wa kumsaidia, ambaye sasa anataka nguo zake zitambulike hata zikiwa zimeanikwa kwenye kamba ya jirani. Wengi wetu huanza kuchora nembo kwenye kompyuta, ambako kila mstari huonekana safi, kisha tunaipeleka kwa fundi wa darizi na kurudishiwa donge la uzi. Mimi mwenyewe niliwahi kubuni jani lenye vishipa kumi na viwili kwa ajili ya mfuko wa shati, na lilipodariziwa kwa upana wa sentimita 2, mteja aliniuliza kwa upole kama ni mende. Tangu siku hiyo huanza na kitu kilicho kidogo kuliko vyote, yaani lebo ya shingoni.

Hatua ya kwanza: pima jina. Tuchukulie kwamba jina la biashara ni Pindo, na kwamba lebo ina urefu wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 2. Ondoa sehemu itakayomezwa na mshono, ndipo utaona nafasi uliyobaki nayo. Herufi tano zinakaa bila kusongamana, lakini jina lenye maneno manne litalazimika kufupishwa, na ni afadhali ulifupishe wewe kabla wateja hawajakufupishia. Wafanyabiashara wa pwani walilifahamu jambo hili zamani: kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa ziliandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla", na maneno hayo machache yalitosha kumwambia mnunuzi kanga imetoka kwa nani.

Hatua ya pili: chora kwa kalamu nene. Kwenye karatasi, piga mistatili ishirini yenye vipimo vilevile vya lebo, kisha ujaze kila mmoja kwa wazo tofauti. Kalamu nene inakunyima nafasi ya madoido, na hiyo ndiyo faida yake. Kwa jina letu la mfano, wazo mojawapo ni herufi P iliyozungukwa na mstari mzito pande zote nne, kama pindo linavyouzunguka mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati. Usinakili pindo la kanga fulani. Chukua mpangilio wake tu. Kati ya michoro ishirini, mitatu itakayobaki inatosha.

Hatua ya tatu: mpelekee mwenye sindano. Hapa ndipo ninapowaomba mtumie muda mwingi kuliko kwingine. Katika darizi ya mashine, mstari mwembamba kuliko milimita 1 hukatikakatika au huzama kwenye kitambaa, na herufi zenye kimo chini ya milimita 5 huanza kuziba matundu, hasa a, e na g. Kitambaa nacho kina tabia zake: fulana huvutika na kuipinda duara ikawa yai, ilhali kitenge chenye maua mengi huimeza nembo yoyote inayodariziwa moja kwa moja juu yake, kwa hiyo ni busara kuidarizi kwanza kwenye kipande cha kitambaa kisicho na maua kisha ukishone kipande hicho juu ya vazi. Mwombe fundi akudarizie michoro yote mitatu kwenye vitambaa unavyotumia kweli, uifue kwa mkono, uipige pasi, kisha uitazame ukiwa umbali wa hatua tatu. Mchoro uliopendwa na kila mtu kwenye simu mara nyingi ndio unaoanguka hapa.

Hatua ya nne: rangi ije mwisho. Nembo isiyosimama kwa rangi nyeusi peke yake haitaokolewa na dhahabu. Isitoshe, katika uchapaji wa skrini kila rangi huhitaji skrini yake, yaani fremu yenye wavu wa kupitishia wino, na gharama hupanda ipasavyo.

Hatua ya tano: tengeneza faili. Mchoro uliofaulu uchorwe upya katika mfumo wa vekta, ambao hukuzwa au kupunguzwa bila kupoteza ubora. Programu ya Inkscape ni ya bure na inatosha kwa kazi hii. Geuza herufi ziwe maumbo, ili mchapaji asiye na fonti yako asikubadilishie maandishi bila kujua. Faili la mashine ya darizi ni jambo jingine kabisa, nalo huandaliwa na fundi mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo Mwalimu. Nimepata nembo nzuri kwenye programu ya simu yenye violezo vya bure. Je, naweza kuitumia?*

Marahaba, binti yangu. Itumie kama kichocheo cha mawazo tu. Kiolezo ulichokipata wewe kimepatikana pia na wengine wengi, na alama usiyoweza kuitofautisha na ya mwenzako ni vigumu kuidai kuwa yako.

*Mwalimu, nauza mavazi kwa watalii. Naweza kuweka Nembo ya Taifa kifuani?*

Hapana, ndugu yangu. Matumizi ya Nembo ya Taifa yanadhibitiwa na sheria, na hayako huru kwa biashara. Twiga uliyemchora mwenyewe ni halali, ingawa twiga wamejaa sokoni kiasi kwamba wako atapotea kundini.

*Nimeshasajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Nembo imelindwa?*

Bado, dada. Usajili wa jina la biashara na usajili wa alama ya biashara ni maombi mawili tofauti, ingawa kwa Tanzania Bara yote hupitia BRELA. Nguo, viatu na kofia zimo katika daraja la 25 la alama za biashara. Ulinzi wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukiuza Unguja au Pemba, omba tena BPRA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, kwa sababu Zanzibar ina usajili wake. Na uwasilishe mchoro wa rangi nyeusi uliopita kwenye sindano, maana ukiusajili leo kisha fundi akakulazimisha kuubadilisha kesho, itakubidi kulipia ombi jingine.