Isome Nyumba ya Mawe ya Kiingereza Kabla ya Kuagiza Lori

Mteja akikuonyesha kwenye simu picha ya nyumba ya shambani ya Cotswolds, Uingereza, akisema "Fundi, nataka hii hapa Karen," usikimbilie kuagiza mawe ya machimbo yetu ya Ndarugo. Omba kiti, uisome ile picha.

Anza juu. Vitu unavyodhani ni vigae ni mawe ya chokaa yaliyopasuliwa bapa, makubwa ukingoni, yakipungua mpaka kileleni. Yana mabonde, hayalali sawasawa, ndiyo maana paa limesimama nyuzi 50 hivi. Likilazwa, mvua inaingia. Nimewahi kuombwa sura hiyo kwa mteremko wa mabati. Nilikataa.

Shuka madirishani. Nguzo nyembamba za mawe zinaligawa dirisha kwa sababu zinabeba jiwe la juu, na vioo vya zamani vilikuwa vidogo. Ule ukingo uliotokeza juu yake humwaga maji mbali na dirisha. Ukiona dirisha lililozibwa, utaambiwa lilizibwa kukwepa kodi ya madirisha (ilitozwa toka 1696 hadi 1851). Huenda. Huenda pia mtu alihamisha tu ngazi ya ndani, ikapita hapo.

Ukuta sasa. Wa kwao una unene wa futi moja u nusu, mara nyingi mbili: nyuso mbili za mawe, katikati vipandevipande, na hapa na pale jiwe refu la kuzifunga zisiachane. Sisi tunajenga na inchi 9. Kwa hiyo mwambie mteja mapema kwamba kile kidirisha cha kukalia ndani na kitabu hakitatokea chenyewe. Itabidi sebule ijengewe ukuta wa pili.

Kwenye viungo vya mawe ndipo tunapoharibu, nami nimo. Niliwahi kukarabati ukuta mkuukuu hapa Nairobi uliojengwa kwa chokaa. Nikakwangua, nikashindilia simiti, nikachora mistari mizuri. Baada ya misimu michache ya mvua, nyuso za mawe zilibanduka, simiti ikabaki imetokeza kama mbavu za punda. Simiti haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yalitokea kwenye jiwe. Nyumba nyingi za mashambani Uingereza ziliumizwa vivyo hivyo karne ya 20.

Ukipewa ukuta wa zamani, kwangua kiungo kwa msumari. Kikimomonyoka, ni chokaa, kirudishie chokaa. Iloweke usiku kucha iwe uji mzito, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga mkali. Chimbua kwa patasi, kina mara mbili ya upana wa kiungo, lowesha mawe, ndipo ushindilie. Ukuta mpya wa Ndarugo hauna shida hiyo, weka simiti yako.

Kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Jua la Januari huikausha chokaa kabla haijashika, na ukiigusa ikatoka unga, ng'oa uanze tena.